Mlingoti wa Upande wa Dirishani

Waheshimiwa wajumbe wa Seneti, ndugu, jamaa, majirani na marafiki. Katika ratiba mlizoshika mmechapiwa tarehe za marehemu na picha yake moja, ile ya koti la kijivu. Wifi yangu, mke wa marehemu, aliona hayo yanatosha kwa karatasi. Haya mengine aliniomba niyasome mimi, dada mdogo wa marehemu, kwa sababu nimefundisha hesabu miaka thelathini na sauti yangu hufika viti vya nyuma. Leo hakuna viti vya nyuma. Mmeona vimepangwa duara, na sababu yake nitaisema wakati wake ukifika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949, mtoto wa kwanza kati yetu wawili, katika nyumba ya ghorofa mbili mkabala na kiwanda cha sabuni. Nyumba yetu ni moja kati ya nyumba arobaini na moja zenye kiti katika Seneti. Kwa wageni ambao hawajui, Seneti yetu haina uchaguzi. Kiti hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, pamoja na kanzu nyeusi na ufunguo wa kabati ambalo halina kitu. Kwa hiyo siku aliyozaliwa kaka yangu, watu walimiminika kumpongeza baba kwa kupata mjumbe. Miaka minne baadaye nilipozaliwa mimi, walimpongeza mama kwa kujifungua salama.

Alianza shule ya msingi Januari 1957. Alirefuka kupita kiasi, na kufikia darasa la nne tayari alikuwa anaitwa Mlingoti, jina ambalo limemfuata mpaka hapa. Picha ya darasa lao tunayo nyumbani. Wenzake wote wanatabasamu, na katikati yao kuna shati lililopigwa pasi vizuri, shingo, na kidevu. Mpiga picha aliona afadhali akose kichwa kimoja kuliko kurudi nyuma akanyage maua ya mwalimu mkuu.

Mwaka 1964 alijiunga na shule ya bweni, na huko alikalia dawati moja na kijana ambaye leo ni Spika wa Seneti, na ambaye baadaye alikuja kuwa shemeji yake. Paa la bweni lao lilivuja muhula mzima. Wanafunzi walinung'unika vitandani, lakini asubuhi mbele ya mwalimu mkuu wote wakawa mabubu. Ndipo yule rafiki akamnong'oneza, "Simama wewe, wewe ni mrefu, atakuona. Tuko nyuma yako." Kaka yangu akasimama, akasema. Kabla hajamaliza, rafiki yake akasimama kweli, na nyuma yake bweni zima. Paa lilitengenezwa wiki hiyo hiyo. Nalitaja jambo hili kwa haki, maana mtu huyu aliwahi kusimama. Na nalitaja pia ili mjue kwamba kaka yangu hakuwa mjinga alipoamini maneno yale matatu mara ya pili.

Baada ya chuo, Februari 1973, aliajiriwa kuwa mpima ardhi katika ofisi ya manispaa, ghorofa ya chini, chumba chenye meza ya kuchorea na feni inayogeuka kwa hiari yake. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote. Mfukoni alitembea na timazi, lile jiwe la shaba na uzi wake, na popote alipoingia aliuning'iniza ukutani kuona kama jengo limesimama wima. Alifanya hivyo benki. Alifanya hivyo kwa daktari wa meno akiwa mdomo wazi. Siku alipokwenda kumposa wifi, mkutubi wa maktaba ya mtaani kwetu, aliutoa uzi wake mbele ya wakwe akatangaza kwamba fremu ya mlango wao imelala kidogo. Baba mkwe alikasirika. Wifi alicheka mpaka akatoka nje. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1977, na kaka wa bibi harusi, yaani yule yule rafiki wa dawati, ndiye aliyemshikia bwana harusi pete.

Baba yetu alifariki Oktoba 1988, na kaka yangu akaacha upimaji, akaingia Seneti.

Hapa naomba uvumilivu wa wale wanaoijua Seneti kuliko mimi. Ina pande mbili, Dirishani na Ukutani. Mababu walikuwa wanagombania dirisha moja kubwa la ukumbi. Waliokaa karibu nalo walitaka lifunguliwe wapate hewa, na waliokaa ukutani walitaka lifungwe kwa sababu upepo ulipeperusha karatasi zao. Ugomvi haukwisha, ulipanda cheo tu. Wajukuu wakaja kuuita mageuzi na utulivu, wakaanza kununiana hata misibani. Nyumba yetu ilikuwa Dirishani tangu enzi ya babu, ambaye alikuwa na pumu.

Humo ndani mtu huzungumza akiwa ameketi. Kusimama ni kura ya ndiyo. Ndiyo maana wazee wetu hubana haja zao saa nzima, wakiogopa kunyanyuka wakati usiofaa. Wengi mnakumbuka nyigu alivyoingia dirishani siku ya muswada wa leseni za mbwa. Mjumbe mmoja wa Ukutani aliumwa pajani, akaruka wima, na muswada ukapita kwa kura yake. Alilalamika mpaka sauti ikamkauka. Karani wa Seneti alimjibu kwa upole, "Mheshimiwa, kanuni haiulizi kwa nini mtu amesimama. Inaangalia tu kama amesimama." Kaka yangu aliisimulia hadithi hiyo kila sherehe, na kila mara nyigu alikua kidogo.

Anayeleta hoja husimama wa kwanza, peke yake. Wanaomuunga mkono husimama baada yake. Hoja hubaki hai mpaka yeye mwenyewe aketi. Na Seneti si jengo. Mwaka 1996 paa la ukumbi lilipofumuliwa, walikutana katika bwalo la chuo cha ualimu, wakatunga sheria katikati ya harufu ya sabuni ya vyombo, na sheria hizo zinatumika mpaka leo. Palipo na Spika, rungu mezani na wajumbe wa kutosha, hapo ni Seneti. Naomba mambo hayo mawili myashike.

Mungu aliwajalia marehemu na mkewe mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1981. Leo ni mhandisi wa madaraja, na uzi wa baba yake anao yeye. Alipokuwa na miaka tisa, siku ya familia kutembelea Seneti, alipanda kwenye kiti cha baba yake akaanza kuning'iniza miguu. Mlinzi akaja akamwinua kwapani akamweka chini.

"Hiki si cha watoto," alisema.

Kaka yangu akamuuliza, "Si cha watoto, au si cha wasichana?"

"Mheshimiwa, mimi nimeambiwa tu."

Hatua chache kutoka hapo, mtoto wa kiume wa shemeji alikuwa amekaa kiti cha baba yake na anapigwa picha. Binti hakulia. Alimuuliza baba yake garini, "Kwani ukifa, kiti chako kitakaliwa na nani?"

Jibu alilijua, ila hakutaka kulitamka. Kiti kikikosa mwana wa kiume hutangazwa wazi, na Spika hupendekeza mtu wa kukikalia. Kwa hiyo akaanza kazi. Aliwafuata watu wa Dirishani nyumba kwa nyumba, akanywa chai zao, akasikiliza habari za magoti yao, akawaeleza hoja yake: kwamba kiti kiende kwa mtoto, awe wa kiume au wa kike. Ilimchukua miaka mingi. Mwishowe Dirishani wakawa wengi kuliko Ukutani kwa viti vitatu, shemeji akawa Spika kupitia upande huo, na wote wakasema wakati umefika. Walimsifu, wakamwita baba wa mageuzi, wakamvika kilemba cha ukoka nasi tukadhani ni kilemba. Jumapili kabla ya hoja, Spika alikula chakula cha mchana mezani kwetu. Mimi ndiye niliyempakulia. Kaka yangu alimuuliza kama ana hakika na watu. Akafuta mdomo, akasema, "Shemeji, simama tu. Tuko nyuma yako."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Machi 2017. Wifi, binti na mimi tulikaa juu, kwenye roshani ya wageni. Kaka yangu alikaa mstari wa mbele, kiti cha tatu kutoka dirishani. Alisoma hoja yake ameketi, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo. Kisha akasimama, na urefu wote ule ukaonekana.

Spika akauliza, "Nani anasimama na mjumbe?"

Hakusimama mtu. Nilikuwa nawaona wote kutoka juu, upara mmoja mmoja. Mmoja wenu alikuwa anafuta miwani ambayo tayari ilikuwa safi. Mwingine alikuwa amepata kazi ya ghafla kwenye kamba ya kiatu. Kaka yangu yeye hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele ameshika ukosi wa koti lake, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba watu wako nyuma yake, na kweli walikuwa nyuma yake, wameketi.

Nataka niseme wazi kilichonichoma, na bado kinanichoma. Wale wa nyuma walimwona kisogo. Spika alikaa mbele yake, wakitazamana. Aliuona uso wa rafiki yake ukisubiri, akauona ukianza kuelewa, na yeye ndiye aliyeweza kukumaliza kusubiri kule kwa kunyanyuka tu kwenye kiti. Spika ana kura kama wengine. Alitazama saa ya ukutani.

"Mjumbe anaweza kuketi," akasema.

Hapo ndipo kaka yangu alipogeuka. Aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama anatafuta jengo lisiloinama. Kisha akasema, "Nilidhani nyuma yangu kuna watu." Akachukua karatasi zake, akapita katikati ya ukumbi, akatoka. Mlango haukubamizwa. Tulimsikia karani akisema, "Mheshimiwa Spika, mtoa hoja hajaketi, hoja haijafungwa." Spika akamwambia aendelee na jambo linalofuata.

Sababu ilikuja kujulikana kabla mwaka haujageuka. Ukutani walikuwa wamekubali Spika abaki kwenye kiti chake kipindi kingine, mradi hoja ianguke, na Dirishani wakamfuata. Naye ana wana wawili. Wa kwanza atarithi cha baba. Wa pili alihitaji kiti mahali, na kiti cha kwanza kutazamiwa kubaki wazi kilikuwa cha mtu mwenye binti mmoja. Alikuwa amekula mezani kwetu huku akipima samani.

Hatukumwona kaka yangu akilia. Tulimwona akirekebisha milango. Mwaka ule alirekebisha kila mlango wa nyumba yake, halafu wa nyumba yangu, halafu wa jirani ambaye hakuomba. Chakula kikipakuliwa alikaa kiti cha ukutani, mgongo umegusa ukuta, na mtu akipita nyuma ya viti alinyamaza mpaka apite. Wifi hajaongea na kaka yake tangu siku ile, isipokuwa mara moja ambayo naifikia. Alisema kuachwa kwenye mataa na mtu baki angeweza kuvumilia, lakini huyu walinyonya ziwa moja.

Septemba 2017 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi ngazini. Daktari alisema moyo umepanuka. Kaka yangu akamuuliza umepanuka kwa kiasi gani, na akamtaka amwonyeshe vipimo. Alilazwa mara kadhaa. Kila mara aliomba kitanda cha karibu na dirisha na kuwaambia wauguzi, "Mimi ni mtu wa Dirishani, nimebaki peke yangu." Walidhani ni utani wa mgonjwa.

Watu wa Dirishani walituma maua. Maua mengi, mazuri, yenye kadi. Aliyekuja mwenyewe ni Spika, Januari mwaka huu, na zabibu kwenye mfuko wa karatasi. Alivuta kiti akakaa.

"Shemeji, ile hoja inatusumbua. Bado iko wazi, inazuia mambo mengine. Njoo siku moja tu, tutakubeba kwa kiti cha magurudumu. Uketi kidogo mahali pako, yaishe."

Kaka yangu akamjibu. "Mimi mbona nilishachoka kusimama. Ila nikiketi mimi, binti yangu atasimama mpaka lini?"

Spika akasema kwamba dunia inabadilika polepole, na kwamba hata yeye roho inamuuma. Ndipo wifi alipofungua mdomo. Alimwambia, "Kaka, chukua zabibu zako. Ukifika nyumbani uzile umekaa, ndicho unachokiweza." Akazichukua.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 21 Mei 2019, asubuhi, wifi akimsomea gazeti na binti akimsugua miguu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Siku mbili kabla, alitoa ombi moja tu kuhusu mazishi. Hakutaja nyimbo wala maua wala sanduku. Alisema, "Msiniwekee watu nyuma." Wifi akaenda kwa mwenye viti vya kukodi akamwambia avipange duara kuzunguka kaburi. Mnaona wenyewe. Leo hayupo aliye nyuma yake.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja, mkwe mmoja ambaye hupika vizuri kuliko sisi wote, wajukuu wawili, wote wa kike, na dada mmoja, ambaye ndiye huyu. Ameacha pia kiti, cha tatu kutoka dirishani, ngozi yake imechanika mkono wa kulia.

Sasa tazameni ratiba. Baada ya wasifu huu, wote watasimama kumuaga marehemu. Baada ya hapo Spika atatangaza kiti kuwa wazi, kama desturi inavyomtaka kufanya kaburini, mbele ya wajumbe. Kwa ajili hiyo alifungua kikao rasmi asubuhi hii. Rungu liko pale mezani, pembeni ya sanduku. Karani amewahesabu langoni, mmetosha. Najua baadhi yenu sasa mnatazamana, na mwingine ameshakumbuka nyigu.

Hoja ya kaka yangu haijafungwa, kwa kuwa mtoa hoja hajaketi. Mtasema amekufa. Nimeisoma kanuni yenu yote na haisemi chochote kuhusu kufa. Inasema kuketi. Kaka yangu amelala, na kulala si kuketi. Na kanuni haiulizi kwa nini mtu amesimama.

Anayetaka kubaki ameketi mbele ya sanduku la rafiki yake, abaki. Simzuii. Mke wa marehemu yuko hapa, majirani wapo, na wajukuu wawili wako kwenye duara na wanajua kutazama. Anayetaka kusimama kwa shingo upande, asimame hivyo hivyo, karani atamwona. Na wewe, shemeji, uko mbele yake tena kama siku ile. Safari hii hawezi kukutazama. Tutakutazama sisi.

Karani, tafadhali shika kalamu.

Kaka yangu alisimama peke yake vya kutosha. Sasa yeye alale kwa amani, tusimame sisi.